Apre ya Gari la Mwalimu

Hakuna kinachoniudhi mpaka leo kama mtu kuniambia kwamba kupaka gari rangi ni kazi ya mikono tu. Ni kazi ya mpangilio. Kwanza mastiki, ule uji mzito unaoziba mashimo ya bodi. Juu yake apre, rangi ya chini inayoifunika mastiki isinyonye. Ndipo rangi yenyewe. Ukiruka apre, mastiki inakunywa rangi na kila ulichoficha kinajichora upya. Nilijua hayo yote, tena nilikuwa nikiwahubiria wengine.

Wakati wa vita nilikuwa na karakana Mulongwe, hapa Uvira, karibu na mto, mahali ambapo mvua moja ilitosha kuniletea tope hadi mlangoni. Mwalimu mmoja wa Rugenge akaniletea gari lake jeupe. Lilikuwa na matundu saba ya risasi ubavuni. Lilipigwa likiwa limeegeshwa, yeye hayumo, lakini askari wa barieri, vile vizuizi vya barabarani, nani angewaeleza? Gari lenye matundu lilisimamishwa kila mahali, na dereva akaulizwa yuko upande wa nani. Na mama yake mzee alikuwa amebaki Nyakabere, miguu imevimba, hawezi kutembea.

"Fundi, unitengenezee mbio-mbio," aliniambia. "Vita iko inakaribia kule. Minye niko nataka nimuchukue mama."

"Mwalimu, unipe siku ine," nikamjibu. "Itatoka kama mupya."

Uvira nzima sikupata mastiki wala apre. Mama yangu mdogo alikuwa akivuka mpaka kwenda Bujumbura kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikampa karatasi ampe muuza rangi. Kifaransa changu kilikuwa cha kusikia. Kwetu kila fundi anasema "apre", na neno pekee la sauti hiyo nililowahi kuliona limeandikwa ni lile la shuleni, lenye maana ya "baadaye". Nikaliandika hilo, kwa majivuno: mastic après peinture blanche. Muuzaji akasoma alichoandikiwa: mastiki, halafu rangi nyeupe. Akafunga hivyo viwili.

Nilipofungua mfuko nilitaka kulia kwa hasira. Nikamfokea mama mdogo, ambaye hakuwa na kosa lolote.

"Weye ndiye uliandika," akanijibu. "Minye nilibeba tu."

Kesho yake mpaka ukafungwa. Nilikuwa na kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ya milango ya chuma. Nikaijaribu kwenye kipande cha bati; ile nyeupe ikajikunja juu yake kama utando wa maziwa. Hapo ningemwambia mwalimu ukweli, aamue mwenyewe. Sikumwambia. Nilibandika mabati kwa nyuma, nikapaka mastiki, nikasugua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, nikapiga nyeupe moja kwa moja. Likang'aa kweli. Mwalimu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda nalo nyumbani, na asubuhi yake akashika njia ya bondeni kwenda Nyakabere.

Umande wa usiku mmoja ulitosha. Kwenye barieri ya tatu askari aliona viduara saba vilivyofifia ubavuni, akakwaruza kimoja kwa ukucha.

"Iko nini unaficha hapa?"

Matundu ya wazi pengine angeweza kuyaeleza. Haya ya kuzibwa hakuna aliyetaka kuyasikia. Wakachukua gari, wakamfungia siku mbili. Alipofika Nyakabere kwa miguu, nyumba ilikuwa wazi na hakuna jirani aliyebaki wa kumwuliza. Mama yake hakuonekana tena.

Aliporudi alikuja karakanani. Nikasimama nikingoja anipige, na ningemshukuru.

"Ile mastiki ya Bujumbura ilikuwa mubaya," akasema. "Haiko kosa yako, fundi."

Nikaitikia kwa kichwa. Mwaka ule wote aliniletea wateja, akiwaambia kwamba mimi ni fundi mwaminifu.