Mkono Mwepesi na Nywele za Kiwikoni

Wateja walimwita Mkono Mwepesi, maana alikusuka mpaka ukasinzia. Basi makumbusho yalipotengeneza sanamu ya binadamu wa kale, yakatafuta mtu wa kuipachika nywele mwili mzima, unywele mmoja mmoja kwa sindano, mtafiti alimfuata yeye saluni.

"Za mkononi zinalala kuelekea wapi?" msusi akauliza.

Mtafiti akacheka. "Twende tukawaulize binamu zetu."

Akampeleka wanakotunzwa sokwe. Msusi aliinama karibu na wavu apate kuona vizuri, mara sokwe jike mzee akapenyeza vidole, akaanza kumchambua kichwa. Akatenga fungu, akachungulia ngozi, akatoa kitu, akakionja. Msusi akazidi kumwinamishia kichwa. Miaka yote ameshika vichwa vya watu. Chake nani alikijali?

"Ana mkono mwepesi, huyu," alinong'ona, macho yamemlegea.

Alipozinduka, akaukodolea macho ule mkono wa sokwe. Kutoka begani nywele zilishuka, kutoka kiganjani zilipanda, zikakutana kiwikoni.

Jioni alimvizia mumewe, mchomeleaji vyuma, akamkunja mkono wa shati na kumvutia kwenye taa.

"We, unatafuta nini?"

"Tulia. Haa! Na zako zinapanda!"

"Zinapanda wapi?"

"Kiwikoni. Kama za sokwe."

Mama mkwe akatua kikombe chake. "Huyo nimemzaa mwenyewe. Usiniingizie nyani kwenye ukoo."

"Si nyani, mama. Hata sokwe hakutuzaa. Sisi na yeye tulikuwa na babu mmoja, zamani mno, kisha kila mtu akashika njia yake."

"Basi huyo babu asije hapa kudai chumba."

Kuanzia hapo mume akawa wa mashati ya mikono mirefu tu, na joto lote lile.

Sanamu ilipokamilika, mama mkwe alikwenda kuiona, "kuhakikisha tu." Ilikuwa ya mwanamke aliyechuchumaa, ameinua uso kama aliyeitwa. Mama mkwe aliizunguka polepole. Vijana wawili pembeni wakaangua kicheko.

"Mnamcheka nini?" akawageukia. "Naye alizaliwa kwa uchungu, kama nyinyi."

Wakanywea. Kisha akamshika mkwewe bega.

"Umefanya kazi, mwanangu. Ila mgongoni umembania nywele. Atasikia baridi."