Mwaka Niliosusa kwa Ajili ya Namba Kumi

Mume wangu alikuwa kocha, kaka yangu alikuwa namba kumi, na mie nilikuwa mfua jezi. Nilikuwa katibu pia, kwa sababu siku ya kuunda timu wanaume kumi na tano walitazamana wakaona hakuna mwenye mwandiko unaosomeka ila mie niliyekuwa nagawa chai. Nikakabidhiwa daftari, fomu za wachezaji, na begi la jezi lililokuwa likinuka kama samaki wa ng'onda. Asante hakuna aliyesema.

Tulikaa Tottenham, kwenye majengo ya kaunsili ya mji, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Sie ghorofa ya tatu, kaka ghorofa ya tano. Baba alipofariki Unguja, kaka ndiye aliyenileta London, na yeye ndiye walii wangu aliyeniozesha. Ndoa ilifungwa sebuleni kwake. Alishikana mkono na mume wangu mbele ya sheikh, akaanza kutamka maneno ya kuniozesha, na sauti ikamkatika katikati hata ikabidi aanze upya. Mume mwenyewe alinitafutia yeye, maana walikuwa marafiki wa mpira tangu mwaka walioingia nchi hii. Watu wakimuuliza kwa nini alimkubali, hujibu kuwa hakuna mwengine London nzima aliyekuwa akimpa pasi bila ya kunung'unika. Mume wangu naye hujibu kwamba yeye alitaka mchezaji tu, akabandikwa dada mtu juu yake. Huo ulikuwa utani wao wa mashemegi, na mie niliupenda kwa sababu ulinihakikishia kuwa nyumba yangu iko salama.

Sasa sikiliza walivyoniharibia.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, tena na timu ya Barking, watu wa kwetu vilevile, Wapemba wengi. Tukishinda tunapanda daraja. Mpaka mapumziko tulikuwa nyuma bao moja, na kaka alikuwa hajauona mpira. Mimi niko pembeni na maji na machungwa, nikamsikia mume wangu anasema, mbele ya wachezaji wote na nusu ya watazamaji, "Shemegi, wewe pumzika. Miguu imechoka."

Kaka alivua jezi, akanipa mkononi, akavaa koti juu ya kifua kitupu, akaenda zake kituo cha basi na viatu vyake vya njumu, ko, ko, ko juu ya lami. Tukafungwa mbili. Jioni ile nilipika pilau kama kila Jumapili, na kwa mara ya kwanza kiti cha kaka kilikaa kitupu.

Nikadhani ni hasira za siku mbili. Wapi. Mwezi wa Mei ukaisha, Juni ukaingia, wanaume wawili wenye akili zao hawasemezani. Wakikutana kwenye ngazi kila mmoja anasoma ukuta. Mie nikafanywa posta. Mume wangu ananiambia, "Mwambie kaka yako aje aondoe baiskeli yake kwenye roshani yetu." Nampandishia ujumbe, kaka ananijibu, "Mwambie mumeo baiskeli haili." Nikimpelekea sahani ya pilau, sahani hairudi tupu, mila ni mila, anaishusha na biskuti juu yake, halafu anamwambia binti yangu mlangoni, "Hizi za mama na za watoto." Yaani kocha asiguse. Na kocha hagusi kweli, anazitazama tu na chai yake kavu.

Kumbe wakati ule ligi imefungwa ndio timu zinapovunjwa na kujengwa. Mume wangu alijifungia na karatasi zake kama waziri. Beki wetu wa kushoto alikuwa amehamia Barking na mkewe, na akahama na timu pia. Hilo hatukumlaumu, nauli nayo ni mzigo. Golikipa alipata kazi ya teksi za Jumapili. Basi mume wangu akapanda treni mpaka Hounslow, mwendo wa saa nzima na zaidi, kumbembeleza Singasinga mmoja wa kilemba, mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa Nairobi, mwenye mikono kama nyungo za kupepetea. Alikwenda mara tatu. Mara ya tatu yule bwana alimwambia kwa Kiswahili cha Nairobi, "Mzee, nakuja, lakini wewe wacha kunisumbua mbele ya wateja." Akasajiliwa. Kisha akaja mshonaji wa Kikongo, mtu wa kanisani, mpole mpaka akikuchezea rafu anakuombea. Na mwisho akaletwa mwanafunzi wa kutoka Mombasa, miguu mirefu, mbio kama amechokozwa na nyuki. Nikaandika fomu yake. Mahali pa nafasi anayocheza, mume wangu akanambia, "Andika kiungo mshambuliaji."

"Hiyo ni nafasi ya kaka," nikasema.

"Andika," akasema, na mie nikaandika, lakini kwa mwandiko mbaya makusudi.

Agosti ikaingia. Zikiwa zimebaki siku nne kabla ya mechi ya kwanza, Jumatano asubuhi, nikaikuta bahasha imepenyezwa chini ya mlango. Kaka alishuka ghorofa mbili kuileta, akashindwa kugonga. Ndani mna fomu ya kuhamia Barking, imejazwa vizuri, kwa kalamu ya bluu. Sheria ya ligi ilitaka sahihi ya kocha wa timu anayoiacha na sahihi ya katibu. Nikamwekea mume wangu mezani, nikiamini ataitazama, ataona mambo yamefika pabaya, atapanda juu akazungumze. Nimeolewa na mtu mwenye busara, nikajiambia.

Yule mwenye busara akaisoma, akatia sahihi, akaisukuma upande wangu pamoja na kalamu.

Niliona giza. Kwetu mwanamke akiudhiwa na mumewe hurudi kwao, na mume humfuata kwa walii wake amtake upya kwa maneno mazuri. Bibi zangu walifanya hivyo, mama alifanya mara moja, na walikokwenda ilikuwa vijiji viwili vitatu mbali. Kwetu mie ni ghorofa mbili juu. Nikatia nguo kwenye begi, nikachukua watoto, nikachukua na begi la jezi begani. Lifti ilikuwa mbovu. Nikapanda ngazi thelathini na sita nikitwetea, na ile fomu nimeikunja kifuani.

Kaka alifungua mlango, akayaona mabegi, uso ukambadilika.

"Kakupiga?"

"La."

"Kakutukana?"

"La."

"Basi kakufanyeje?"

"Kakutilia sahihi wewe."

"Hayo mambo ya timu. Hayakuhusu."

"Mie sikuja kwenye timu," nikamwambia. "Nimekuja kwa walii wangu. Nipishe nipite."

Akanipa chumba chake na watoto, yeye akalala kwenye kochi. Usiniulize mume wangu alikula nini siku hizo. Binti yangu alikuwa akishuka na kurudi na ripoti kwa Kiingereza chake cha shule, kuwa baba kakaanga mayai na king'ora cha moshi kimelia. Mume wangu alipiga simu, sikuipokea. Nilikuwa nimenuna vizuri kabisa. Lakini Alhamisi jioni nilimkuta kaka jikoni amekaa, mguu kaunyosha kwenye kiti, mfuko wa njegere za barafu uko juu ya goti.

"Nimeteleza kazini," akasema kabla sijauliza.

Nikatazama lile goti. Kuteleza hakuvimbishi goti namna ile, na bendeji iliyokuwa pembeni ilikuwa kuukuu, imefuliwa mara nyingi. Mie mfuaji, nazijua nguo zilizofuliwa. Nikaenda chumbani, na moyo ukaniuma kwa jinsi alivyokuwa akipanda na kushuka ngazi zile miezi yote na sahani zangu mkononi.

Jumamosi alasiri mlango ukagongwa. Kaka alikuwa na kaptura anatazama televisheni. Akainua kidole kuwa nisifungue upesi, akakimbilia kuvaa kanzu na kofia. Nilipofungua, na mume wangu naye yuko ndani ya kanzu, ile aliyoolea, na boksi la halua mkononi. Yuko peke yake. Mzee wa jirani aliyemwomba afuatane naye alisema atakuja siku lifti itakapotengenezwa.

Wakakaa, mmoja kochi hili, mwengine lile. Ilikuwa miezi mitatu na zaidi hawajatazamana. Mie nikajitia jikoni kukaanga bajia, mlango wazi.

"Karibu," kaka akasema, kwa sauti ya uwalii. "Umefuata nini?"

"Nimemfuata mke wangu."

"Umemkosea nini?"

"Sijui. Hajanambia."

Kaka akaniita. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu siku tatu, yenye methali na aya. Nikasimama mlangoni na mwiko, na yote ikapotea.

"Sina lalamiko la mume wala la nyumba," nikasema. "Nina mume mmoja na kaka mmoja, basi, nchi nzima hii sina mwengine. Nikipika chungu kimoja nusu inapanda ngazi. Sasa mmetiliana sahihi kila mtu aende na njia yake, na mie nifuate ya nani? Sishuki mpaka msemezane, na jezi hazishuki."

Nikalia, na kulia sikupanga.

Mume wangu akauliza, kwa upole ambao sikuusikia tangu Mei, "Shemegi, kwa nini Barking?"

Kaka akaipandisha kanzu mpaka gotini. Mume wangu akalitazama lile goti, hakushtuka.

"Kule hawajui nilivyokuwa zamani," kaka akasema. "Nikichechemea watadhani ndivyo nilivyozaliwa."

"Mie najua ulivyokuwa," mume wangu akajibu. "Ndiyo maana nikakutoa. Tangu Machi nakuona unavyoukanyaga mguu. Sikutaka Wapemba wakucheke."

"Ungenambia nyumbani."

"Ungenifukuza."

"Ningekufukuza, ndiyo," kaka akasema. "Halafu ningekaa nikafikiri. Lakini ungepanda ngazi ukanambia wewe, shemegi yangu. Wewe ulingoja mpaka uwanjani, ukanambia kama kocha, na watu wanakula machungwa."

Mume wangu akainamisha kichwa. Ni mtu mgumu kusema samahani. Kwenye ndoa yangu nimeisikia labda mara nne. Ile ilikuwa moja. Aliisema kwa sauti ndogo, akairudia kubwa.

Kaka akajiweka sawa kwenye kochi, walii tena. "Mke utamchukua. Lakini nina sharti. Ukitaka kunitoa, unanambia asubuhi, juu ya chai, mezani kwako. Si uwanjani."

"Nimekubali."

Wakashikana mikono. Sikujua kama walikumbuka, lakini ni palepale, sebule ileile, na mkono uleule wa kulia juu ya wa mwenzake. Kisha mume wangu akanigeukia akaniuliza fomu iko wapi, aifute sahihi yake.

"Iko chini ya bajia," nikasema. "Inanyonya mafuta."

Hapo kaka akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa, akamwambia mume wangu, "Hata katibu unaye kwa sababu yangu." Mume wangu akajibu kuwa ndiyo, na kila siku anajuta. Nikajua nyumba imepona. Tukashuka jioni ile, watoto mbele, halua imeliwa, na begi la jezi kalibeba kocha mwenyewe.

Asubuhi ya Jumapili kaka alikuja kunywa chai. Mume wangu alisubiri mpaka andazi la pili, akasafisha koo. "Dakika ishirini za mwanzo, shemegi. Halafu nakutoa."

"Sawa," kaka akasema, akachukua la tatu.

Mechi ilikuwa nzuri. Singasinga wetu alidaka mipira miwili ambayo ilikwisha kuwa magoli, na Mkongo alimwangusha mtu na kumwinua kwa mikono yote miwili. Kaka hakukimbia sana. Alisimama katikati, akiongea na kuonyesha kidole, na mara moja tu aliupata mpira akiwa na nafasi. Aliutazama kidogo, akaupitisha katikati ya mabeki wawili mpaka mguuni kwa yule kijana wa Mombasa, naye akafunga. Wote walikimbia kumkumbatia mfungaji, isipokuwa mume wangu. Yeye alikuwa anamtazama kaka.

Dakika ya kumi na tano kaka akainua mkono mwenyewe kuomba kutoka. Akaja kwangu pembeni akichechemea bila ya kuficha, akavua jezi, akaikunja, akanipa.

"Wiki ijayo mpe yule mtoto wa Mombasa," akasema. "Lakini kwanza ipunguze kiunoni, yeye hana tumbo."

Safari hii hakwenda kituo cha basi. Mume wangu alimvika koti, akamsogelea kwenye benchi, na wakaanza kubishana juu ya beki wa kulia hata refa akaja kuwaambia wapunguze sauti. Jioni nilizitia jezi zote kwenye mashine kama kawaida. Ile ya namba kumi niliitoa, nikaifua kwa mkono.