Mara Mbili, Mara Tatu, Mara Tano

Taa nyekundu kwenye dashibodi ya greda ilipepesa mara mbili, ikatulia. Ikapepesa mara tatu, ikatulia. Kisha mara tano. Benard aliihesabu akiwa amesimama kwenye ngazi, uso umefungwa kama duka la Jumapili.

"Inasemaje?" aliuliza Lochakapong, dereva wa greda.

"Inasema uniletee maji. Madebe mawili."

Lori la maji lilikuwa mbali, ng'ambo ya lundo la changarawe, na jua la Kakuma lilikuwa limeshika utosi. Lochakapong alishuka akinung'unika.

"Kila siku taa inakukonyeza wewe peke yako, fundi. Mkeo Nekesa akijua uko na mwenzake huku, utalala nje."

Radieta ilikuwa imejaa, na Benard alijua. Alichotaka ni kubaki peke yake. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka minne: kabla ya kufungua boneti humtuma kila mtu mahali. Huyu maji, yule spana, na Kuot, kibarua kutoka kambi ya wakimbizi, hushikishwa tochi upande wa nyuma, asikoweza kuona chochote.

Injini za siku hizi zina akili yake. Zikiugua, husema kwa namba, na maana ya namba imo kitabuni. Mwaka wa kwanza, msimamizi alipokiulizia kitabu hicho, Benard alisema kilichukuliwa na maji ya Turkwel siku mto ulipofurika Lodwar. Hakikuchukuliwa. Kilikuwa chini ya sanduku lake la bati, ndani ya shati la kanisani. Fundi aliyemfundisha kule Kitale alikuwa akikaza nati ya mwisho huku amempa mgongo, na Benard alijifunza hilo kabla ya kujifunza injini: kampuni ikishakunywa ujuzi wako, hukutupa kama chupa.

Wasimamizi watatu walikuja wakaondoka, yeye akabaki. Alidhani amejijengea nyumba. Ilimchukua muda kugundua kwamba hakuiwekea mlango. Krismasi mbili aliomba ruhusa. Mama mkwe alipofariki, aliomba. Jibu lilikuwa lile lile: "Ukienda, nani atasoma taa?"

Sasa ilikuwa Agosti ya 2012, na mtoto wake wa kwanza alikuwa anaingia jandoni. Kwao Wabukusu mwaka wa jando ni mmoja katika kila miwili. Alfajiri ya Jumamosi kijana angepanda kutoka mtoni amepakwa tope, asimame uani mbele ya nyumba ya baba yake, asipepese jicho.

"Usipokuja nitasimama tu, Baba," kijana alikuwa amemwambia kwa simu. "Lakini nitaangalia nani?"

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Lochakapong hajarudi, Benard alishapata kosa: waya mwembamba wa kupima maji ya radieta ulikuwa umesuguliwa na chuma hadi shaba ikaonekana. Aliufunga kwa tepu nyeusi. Taa ikazima. Akapangusa mikono, akamwendea Kipkemboi, msimamizi.

"Injinia, ile ruhusa niliyoomba. Mtoto anatahiriwa Jumamosi."

"Hata kwetu tunatahiri, Benard. Lakini Desemba, kazi zikiwa zimefungwa. Nyinyi mlichagua mwezi mbaya."

"Mimi sikuchagua, Injinia. Nilizaliwa nikaukuta."

Kipkemboi alicheka, na kicheko kilimlainisha kidogo. "Sawa. Greda ikifanya kazi hadi kesho saa sita bila taa, panda lori la Lodwar. Taa ikiwaka, unabaki."

Alhamisi Benard hakula. Alikaa kwenye kivuli cha tangi la dizeli akisikiliza greda ikienda na kurudi, kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa. Saa tano ikakohoa, ikalegea, ikasimama katikati ya barabara. Hakuhitaji kupanda. Mara mbili, mara tatu, mara tano. Joto lilikuwa limeyeyusha gundi ya tepu. Dawa yake ilikuwa waya mpya upitishwe mbali na kile chuma, kazi ya saa mbili. Lori lingeondoka baada ya saa moja.

"Kuot, shika tochi nyuma," alisema, kwa mazoea tu.

Kuot hakusogea. Alikuwa mrefu, mtaratibu, amekuja kutoka Sudan akiwa mdogo.

"Fundi, mimi Kakuma miaka kumi na sita. Kwenda Lodwar tu, lazima natafuta karatasi ya ruhusa, na mwenye kupeana anaweza kukataa. Wewe karatasi yako iko kwa sanduku. Umeikalia."

Benard alimtazama. "Nani alikuambia?"

"Hakuna. Lakini mtu hakumbuki namba zote hizo kwa kichwa. Na sanduku yako ina kufuli mbili."

Jua halikuwa na sauti, lakini Benard alilisikia. Alitembea hadi hemani, akafungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili. Alirudi na kitabu, akampa Kuot mbele ya Kipkemboi na Lochakapong, akawaonyesha wote waya ulipokwaruzika.

Kipkemboi aligeuza jalada lililojaa grisi. "Hiki si kile kilichozama Turkwel?"

"Kimekauka," Lochakapong alisema.

Hakuna aliyecheka. Kipkemboi alimrudishia Kuot kitabu. "Nenda, Benard. Ukirudi tutaongea." Alilisema polepole lile neno la mwisho.

Ijumaa mchana, basi kutoka Lodwar lilisimama Kainuk kungoja askari wa kulisindikiza, maana njia ya mbele ilikuwa na wezi. Simu ikalia. Ilikuwa Kuot.

"Fundi, ile mbili tatu tano imeisha. Asubuhi ikaleta nne, moja, nane. Nikasoma. Ni maji kwa dizeli. Nimemwaga, inatembea. Usirudi bure."

"Vizuri," Benard alisema, akahisi kama mtu aliyekanyaga ngazi asiyoikuta.

Alfajiri ya Jumamosi alikuwa amesimama mlangoni kwake. Kijana alipanda kutoka mtoni, mweupe kwa tope, akainua macho, akamwona. Baada ya hapo hakutazama kwingine. Hakupepesa. Nekesa alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Benard alikaa nyumbani wiki nzima. Simu aliiweka juu ya meza, mahali penye mtandao, na kila mara alikatiza mazungumzo kuiangalia. Kwa miaka minne alikuwa ameomba kazi isimwite hata wiki moja. Simu haikulia.