Kutenga na Kutengwa

Nilikuwa hodari wa kusema, na wenzangu chuoni walilijua hilo, ndiyo maana waliponiomba nifungue mjadala sikujifanya kukataa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Dar es Salaam yalianza kujaa sabuni na mitumba, nasi wahadhiri, ambao mishahara yetu ilikuwa imebaki jina tu, tulifuga kuku nyuma ya nyumba za chuo na kubishana siasa barazani. Hoja ya msimu ule ilikuwa Afrika Kusini. Serikali ilikwisha kukata uhusiano na makaburu zamani, lakini wahadhiri walikutana na wenzao wa huko kwenye makongamano ya Ulaya, wakaandikiana barua, hata makala wakaandika pamoja. Je, jumuiya yetu itangaze kwamba basi, hakuna tena barua, hakuna kusahihisha tasnifu zao, hakuna kukaa nao meza moja?

Aliyepinga kwa nguvu alikuwa mama mmoja, mhadhiri wa historia, mkubwa wetu kwa umri.

"Ndani ya vyuo hivyo kuna watu wanaopigana na makaburu kila siku," alisema. "Mkiwafungia barua, watajuaje kwamba wana wenzao?"

Nikamjibu kwa kijiji changu. Nikasema kwetu Bariadi mtu akiwageuka wenzake, mkutano wa kijiji, tunaouita dagashida, humtenga. Hasalimiwi, hapewi moto wala maji, na akifiwa anazika mwenyewe. "Wala hatumpigi," nilisema. "Tunamwacha na nafsi yake mpaka ijirudi." Ukumbi mzima ulipiga makofi. Jambo moja sikulisema, kwa sababu lingeipunguzia hotuba yangu makali: kwetu mtu hatengwi kabla hajatajiwa ng'ombe atakayemrudisha. Mlango unaonyeshwa siku ile ile unapofungwa.

Kura ilipangwa baada ya wiki tatu. Siku mbili baada ya makofi yale nikapata barua kutoka nyumbani. Ilikuwa mwandiko wa dada yangu, maneno ya baba.

Baba alikuwa ametengwa. Mwano ulipigwa, lile yowe la kuita wanaume wote wafuate ng'ombe walioibwa, nyayo zikielekea Meatu, naye hakutoka. Ukapigwa mara ya pili, hakutoka. Mama alikuwa na homa na baba hakutaka kumwacha, lakini mwano hauulizi nani anaumwa kwako. Ng'ombe aliyetajwa alikuwa dume letu la mabaka, na mtengwa hawezi kujisemea mbele ya dagashida. Alitakiwa mtoto wa kiume wa nyumba hiyo amlete dume huyo na kuomba. Mtoto wa kiume wa nyumba hiyo nilikuwa mimi peke yangu. "Njoo upesi," barua ilimaliza. "Mama yako bado hana nguvu."

Niliisoma nikaikunja. Nilijiambia nitakwenda kura ikishapita. Baba atavumilia, ni mtu mgumu. Na mama? Akizidiwa, nilisema moyoni, jirani ana mkokoteni wa ng'ombe, atampeleka hospitali kama alivyompeleka mwaka juzi.

Ndivyo nilivyowaza, jamani. Mimi niliyesimama mbele ya wasomi kuwaeleza kutengwa ni nini, nilimtegemea jirani yule yule aliyekatazwa hata kutusalimia, kana kwamba barua haikufika. Mpaka leo najishangaa, na kujishangaa kwenyewe kunaniuma.

Tulishinda kura. Yule mama wa historia alinishika mkono akasema nimesema vizuri, kisha akaenda zake bila kutabasamu. Kesho yake nikapanda treni mpaka Shinyanga, kisha lori lililokuwa likienda kubeba pamba, nikashuka njia panda nikatembea. Ulikuwa wakati wa kuchuma. Shambani niliona mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia.

Aliinua uso, akaniona, akatupa macho upande wa pili. Vidole vyake viliendelea kuchuma. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Hapo nikaanza kukimbia, kwa sababu kwetu mtu halii hivyo kwa ajili ya dume la mabaka.

Nyumbani nilimkuta dada yangu kizingitini. Mama alikuwa amezikwa siku nane zilizopita. Alizidiwa asubuhi, baba akamkalisha nyuma ya baiskeli na kumfunga kwa kanga asianguke, dada akawa anamshikilia, wakaanza kusukuma kwenda hospitali, Bariadi mjini. Walipita mkokoteni wa jirani ukiwa umeegeshwa. Walipita watu wakichuma pamba kando zote mbili za njia, na hakuna aliyeinua kichwa. Mama alifia njiani. Wakageuza baiskeli. Kaburi walichimba wenyewe, baba na binti yake, kwa majembe ya kulimia.

"Nilisikia redioni mmepitisha azimio," dada aliniambia. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kaka." Hakumalizia, na sikutaka amalizie.

Siku iliyofuata nilimpeleka dume. Niliomba, wakapokea, wakachinja, wakala, na baba akala pamoja nao. Kisha wakainuka wote wakaja nyumbani. Wanawake walikuja na kuni, na maji, na moto, wakajitupa juu ya kaburi la mama wakapiga kelele za kilio walichokuwa wamekizuia siku tisa. Mwenye mkokoteni alilia kuliko wote. Nilitaka kuwachukia. Ningeanzia wapi, nami nilikuwa nimewasifia mbele ya ukumbi uliojaa?

Kura yangu siijutii. Makaburu walistahili kutengwa, nami ningenyoosha mkono tena leo. Ninazojutia ni zile wiki tatu, na nimezijutia kila siku ya maisha yangu.

Jioni watu walipotawanyika, baba aliniuliza habari za mjini. Viganja vyake vilikuwa bado na malengelenge ya jembe. Nikamweleza azimio letu na mkutano wa kura ulionichelewesha, kwa maneno machache sasa.

"Kwa hiyo nanyi mmetenga," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na ng'ombe mmewatajia?"

"Tumewaambia waache kuwabagua watu weusi."

"Huyo ni ng'ombe mzuri." Alifikiri kidogo. "Wana mtoto wa kumleta?"

Nilimkumbuka yule mama wa historia na watu wake waliofungiwa barua. Nikasema nadhani wanaye.

"Basi, ng'wanone," baba alisema, na sauti yake haikuwa na hasira hata chembe, "tumwombee asiwe na mkutano."