Pamba Anafundishwa Kwao Kupya

Mama Vifungo alishona sare za shule kwa miaka thelathini na miwili katika chumba kimoja cha mbele, na miaka tisa ya mwisho chini ya cherehani yake alilala mbwa wa kahawia aitwaye Pamba. Walikuwa chanda na pete. Hakuwahi kumpiga hata kwa kandambili. Yote aliyoyajua Pamba aliyajua kwa mchezo: kukaa, kungoja, kugusa kiganja kwa pua, kutafuta kitambaa kilichofichwa kapuni. Akipatia, alisifiwa na kupewa kipande cha ini kisichozidi kifungo cha shati. Akikosea, hakuambiwa kitu; walianza upya.

Kisha macho yakamtupa mkono. Uzi ukagoma kuingia kwenye sindano. Bintiye akaamua kumchukua ili waishi wote ghorofani, katika mji mwingine, na kwenye jengo lile mbwa hawaruhusiwi.

Pamba alipelekwa nyumba mbili, na zote mbili aliruka ukuta akarudi. Mara ya pili pikipiki ilimgonga, akafika anachechemea. Daktari wa mifugo alimfunga mguu huku akisema bila kuzunguka:

"Mama, akiikataa na ya tatu, nitakushauri tumchome sindano ya kumlaza moja kwa moja. Wewe ukishahama, atakuwa anarudi kwenye mlango uliofungwa, na barabara haina huruma."

Zilibaki wiki tatu Mama ahame. Aliyekubali kumpokea alikuwa Fundi Saa, mgane wa mtaa wa pili.

"Lakini dada, mbwa mimi siwajui. Nimezoea vitu vinavyokaa pale nilipoviweka."

"Mbona hata saa zako zinakimbia, kaka?"

"Zinakimbia dakika tano kwa siku. Huyu anakimbia mitaa miwili!"

Kila alasiri walikutana uani kwa fundi. Mama alimwachia Pamba, fundi akatandaza kiganja, Pamba akakigusa, akalipwa ini lake. Siku tano mambo yalikwenda kama maji. Lakini kila fundi alipojaribu kubaki naye peke yake, mbwa aliruka ukuta, hata kwa mguu ule mbovu, akarudi kwa Mama.

Mama alikaa akauchambua mchezo hatua kwa hatua, kama mtu anayefumua mshono, mpaka akaliona kosa. Kila walipomaliza, kwa furaha yake, alimwita Pamba na kumpa kipande kikubwa kwa mkono wake mwenyewe, cha kumpongeza.

"Namfundisha aende kwako," alisema polepole, "halafu arudi kwangu apate kikubwa."

"Kumbe dada unanifugia mtoro!"

Mama alicheka. Halafu akakaa kwenye kigoda cha fundi, na hakuinuka kwa muda.

Kuanzia kesho yake alikuja mikono mitupu. Pamba aligusa kiganja chake, akangoja. Akagusa tena. Akakaa bila kuambiwa, akalala chini, akatoa mguu, akamaliza kila alichowahi kufundishwa, huku akimtazama usoni. Mama aliutazama ukuta. Hata kulia hakuthubutu, maana kilio chake kingemwita.

"Pamba!" fundi aliita kutoka upande wa pili, na ini mkononi.

Wiki ya pili mbwa alipitia kwa Mama kwanza, akanusa, ndipo akaenda kwa fundi. Wiki ya tatu alikwenda kwa fundi moja kwa moja. Alilala kule siku nne mfululizo, na ukuta hakuugusa.

Asubuhi ya safari, Mama alimwomba bintiye wapitie mtaa ule. Alishuka garini, akasimama mbali kidogo na geti lililokuwa wazi. Ndani, fundi alikuwa amejificha nyuma ya pipa la maji, na Pamba anamtafuta. Katikati ya ua mbwa alimwona Mama. Masikio yakasimama. Mkia ukapiga mara moja, ukatulia, naye akabaki pale, mguu mmoja juu, anangoja aambiwe afanye nini.

Mama Vifungo akageuka, akamwonyesha mgongo. Alisikiliza kucha zikikwaruza sementi, kwanza karibu, kisha mbali, halafu sauti ya fundi ikishangilia nyuma ya pipa.

"Mama, si ungemwita tu?" bintiye alisema. "Umkumbatie hata mara moja."

"Angekuja, mwanangu."

Alivuta mlango wa gari, haukufunga, akauvuta tena.