Besi ya Kwanza, Kando ya Karai

Juzi, hapa nyumbani Kiembeni, binti yangu na binamu yake nusura watoane macho kwa ajili ya watu wasiowajua. Binti amejiunga na timu ya besiboli ya shule, na tangu hapo kutwa anatazama Wamarekani wakirushiana mpira. Ubishi ulikuwa huu: katika wale wachezaji wa kulipwa, nani bora wao kwenye besi ya kwanza? Binamu alimtaka jitu moja linalopiga mpira hadi ukapotelea kwa watazamaji. Binti yangu alimtaka mwembamba mmoja ambaye, asema, hakuna kinachompita. Mimi nilikuwa nachambua mchicha. Nikauacha, nikainuka, nikaketi, nikainuka tena.

"Mama, wataka nini?"

"Sitaki kitu," nikamjibu. Lakini wewe rafiki yangu sikufichi: nilitaka kusema mpaka ulimi ukaniwasha. Ubishi huo mimi nimekulia ndani yake.

Nilikulia Mtopanga, enzi ambazo nyuma ya duka kulikuwa bado na kiwanja. Jioni, tukishatoka chuoni kusoma Kurani, sisi wasichana tulivua viatu tukacheza raundas, nduguye besiboli asiye na mavazi wala glavu. Mmoja hupiga mpira kwa ubao na kukimbilia besi ya kwanza. Aliyesimama pale akiudaka mpira kabla mkimbiaji hajafika, mkimbiaji ametoka. Mpira wetu ulikuwa wa tenisi, umenyonyoka manyoya yote. Jirani aliyefanya kazi hotelini Shanzu ndiye aliyetuletea wazungu walipouchoka.

Besi ya kwanza ilikuwa jiwe, na hatua chache nyuma ya jiwe kulikuwa na jiko la mama viazi, muuza viazi karai wetu. Sijui nani alitangulia pale, yeye au jiwe, ila hakuna aliyekubali kuhama. Harufu ya bizari na ukwaju ilitukaa puani mchezo mzima. Viazi vilizama kwenye karai vikiwa na koti la unga wa manjano, mafuta yakachacharika, na sisi mate yakatujaa. Alikuwa ameapa kwamba siku mpira utakapoingia kwenye mafuta yake, raundas Mtopanga imekwisha. Basi msichana wa besi ya kwanza hakulinda jiwe tu. Alilinda karai, na mchezo wetu sote.

Wagombea tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa binti wa jirani kutoka bara, baba yake akifanya kazi kiwandani. Alikuwa mrefu, mtulivu, mguu mmoja juu ya jiwe, mikono mbele, basi. Mimi nilikuwa na mbio kuliko wote, lakini kutulia sikukujua. Nilitaka kuurusha mpira kabla sijaudaka. Bibi yangu alinitazama mlangoni akasema nahangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Wanaume waliongoja adhana ya magharibi barazani dukani walitubishania kama wanavyobishania siasa.

"Wallahi, yule wa bara hata umrushie kaa la moto, adaka," mwenye duka alisema.

"Lakini huyu wetu ana mbio!"

"Mbio za nini? Besi ya kwanza yaenda wapi?"

Wakacheka, na mimi nikasikia. Wakamuuliza bibi, nikatega sikio nikijua damu ni nzito. Bibi akamchagua yule wa bara. Nilipomlalamikia usiku ule alisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Iliniuma sana.

Ila hukumu yenyewe haikuwa barazani. Ilikuwa kwenye kigoda cha mama viazi. Akisimama yule wa bara, mama viazi alikaa upande wa kiwanja, katikati yetu na jiko, ametupa mgongo, akizungumza na wateja wake wa barabarani bila kugeuka. Nikisimama mimi, aliinuka bila neno, akabeba kigoda hadi upande wa ukutani, akakaa akinikodolea macho huku mkono mmoja uko kwenye kifuniko cha karai. Hakunitukana hata mara moja. Afadhali angenitukana. Nilitamani ule mgongo kuliko nilivyotamani viazi vyake.

Ikaja likizo ya Krismasi, jirani zetu wakaenda kwao bara, na besi ya kwanza ikawa yangu kwa kukosa mwingine. Nilijifunza kusimama. Mguu kwenye jiwe, kimya, nyayo zikinichoma kwa hamu ya kukimbia. Kila jioni mama viazi yuko ukutani, ananitazama. Hata jioni moja, katikati ya mchezo, nikasikia kigoda kikiburutwa. Nikatupa jicho. Alikuwa amehamia upande wetu, ametupa mgongo, anapiga soga na mteja kama kawaida yake.

Furaha ilinijaa nikasahau nilipo. Nilikuwa namtazama yeye, si mpira. Mpira ukanipita sikioni, ukapita juu ya bega lake, ukatumbukia kwenye karai.

Wateja wakaruka. Matone ya mafuta yakamrukia mama viazi kwenye leso. Akauopoa mpira kwa kijiko chake cha matundu, umevaa koti la manjano, akaninyooshea.

"Haya, umepika mwenyewe. Twaa ule."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akaepua karai, akamwaga mafuta, akapangusa, akatia mengine. Nilisimama pale machozi yananilengalenga, nikingoja atufukuze, au angalau abebe kigoda arudi ukutani. Akakaa palepale alipokuwa. Ametupa mgongo.

"Chezeni," akasema bila kugeuka, "magharibi yaingia."

Januari yule wa bara alirudi, na barazani wakaanza upya kubishana nani zaidi. Sikutega sikio tena.

Kile kiwanja sasa ni majumba ya ghorofa yenye lango na mlinzi, na watoto wa humo siwasikii. Mama viazi alitangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Viazi karai vipo kila kona, vingine vitamu kuliko vyake, tusidanganyane. Ninachokikosa ni mtu wa kunipa mgongo namna ile, mafuta yake yanachemka na mimi nyuma yake. Na jana binti yangu aliomba aende kucheza uwanja wa ng'ambo ya barabara. Nikamwambia nenda. Nikavuta kiti, nikakaa nimeligeuzia dirisha mgongo, mikono mapajani, nikajiambia nitulie kama mtu mzima. Nikamsikia akishuka ngazi. Nikasikia lango. Kabla halijajifunga nilikuwa nimeshafika dirishani, namwita arudi achukue simu, nipate kumpigia.