Arubaini Ndani ya Gari la Muhsina

Muhsina wa mtaa wa Mabela ananiudhi kwa jambo moja: hagombani. Unakwenda kwake na ugomvi wako umejaa pomoni, anakutilia kahawa.

Alikuwa karani wizarani. Alipostaafu akaigeuza sebule yake darasa la mama vijana walioacha skuli. Anawasomesha hisabati na Kiingereza, anawafundisha kuandika barua ya kuomba kazi. Sharti lake ni moja, uje na mtoto. Yule asiyekuwa na wa kumwachia mtoto ndiye hasa anayemtaka. Basi mama wanapojibu maswali, watoto wanapokezanwa kama sahani ya halua.

Mwanangu Mazoon aliolewa na miaka kumi na minane, akashika mimba hajamaliza skuli. Muhsina akamsomesha mpaka tumbo likawa haliingii nyuma ya meza. Ukabaki mtihani wa hisabati tu. Akifaulu, nafasi ya kusomea uuguzi anaipata; akiukosa, mpaka mwakani, na nani ajuaye mwakani kuna nini. Mtoto naye akachagua kuzaliwa siku kumi na mbili kabla ya mtihani.

Nikasema hatoki. Kaburi la mzazi li wazi siku arubaini, ndivyo alivyonambia mama yangu kule Unguja, na ndivyo nami nilivyokaa. Mazoon akalia. Nikamwacha alie.

Muhsina akaja. Nikajitayarisha kwa vita, ati.

"Dada Zuwena," akasema taratibu, "mie mtihani wangu ulinikuta na mtoto wa siku tisa. Nikakaa ndani kama nilivyoambiwa. Arubaini ikaisha. Mtihani haukurudi. Ndiyo maana nimeingia karani na nimestaafu karani."

Nikamwambia, "Akienda, arubaini inakwenda naye."

"Basi twende nayo," akajibu.

Asubuhi ile ya Juni joto la huku jangwani lilikuwa digrii arubaini na nne. Nikampakia Mazoon na mkaja wake tumboni, soksi mbili mbili, shali ya sufi, na termosi ya supu ya pilipili manga. Nikakataza AC, upepo usije ukamwingia. Muhsina akaendesha, jasho linamchirizika mpaka kidevuni. Mazoon huko nyuma anakariri kanuni zake, mara anacheka peke yake.

Pale skuli nikakaa chumba cha kungojea na mjukuu wangu kifuani, nikasoma kila dua ninayoijua. Baada ya saa tatu binti yangu akatoka, kajitanda shali.

"Mama, nimejibu yote. Na ahsante kwa shali, AC ilikuwa juu ya kichwa changu, inagandisha."

Muhsina akanitazama, akafuta jasho lake. Nikacheka mpaka mtoto akaamka.

Alipata themanini na sita. Sasa yuko mwaka wa pili wa uuguzi, na furaha yangu siifichi kwa mtu. Asubuhi nipo kwa Muhsina, nabeba watoto wa watu.

Juzi kaja mama mmoja kavimba kwa hasira, anasema binti yake kajifungua na hatoki kabla ya arubaini. Muhsina akanigeukia mie. Nikamtilia mgeni kahawa, nikamuuliza mtihani wa binti ni siku gani.